Studio ya ngazini pale Oginga Odinga, Kisumu: walivyonitengenezea picha ya mdogo wangu

Kama una picha ya marehemu iliyoganda kwenye kioo cha fremu, tafadhali usiibandue. Usiiloweke, usiichokoe kwa kisu, wala usimpe kijana wa duka la fotokopi aijaribu. Ichukue jinsi ilivyo pamoja na kioo chake, uifunge kwa lesso, upande gari uende Kisumu. Mimi nilichelewa kuambiwa, na kona moja ya picha yetu ilikuwa imekwisha chanika.

Studio ninayoisifia iko ghorofa ya kwanza, barabara ya Oginga Odinga, katika mojawapo ya yale majengo ya zamani yenye veranda. Rangi ya bango imefutika, limebaki neno "Studio" peke yake. Ukishuka steji kuu, pita Jubilee Market, teremka hadi Oginga Odinga, kisha uulizie mzee wa picha. Wenye maduka ya chini wote wanamjua.

Picha yenyewe ni ya kitinda mimba wetu. Kwetu ni Luanda, kaunti ya Vihiga, upande wa Bunyore, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inapopita katikati ya soko. Mimi nauza nafaka hapo sokoni. Yeye alizaliwa 1994. Jeshi letu lilipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, ile operesheni ya Linda Nchi, alikuwa kidato cha tatu, na tangu wiki ile hakutaka tena kusikia habari ya chuo. Alianza kukimbia. Kila alfajiri alitoka Luanda hadi Maseno na kurudi, mama akimpigia kelele kwamba atagongwa na matatu. 2013 akaenda kuandikishwa. Walipimwa urefu, wakahesabiwa meno, wakakimbizwa kwenye jua. Jioni alirudi nyumbani na barua mkononi, soli ya raba moja imebanduka yote, mguu umevimba, anacheka.

Mwaka uliofuata akafuzu Moi Barracks, Eldoret. Tulikwenda mama, mimi na mjomba. Gwaride lilipoisha, familia zikaachiwa zikutane na vijana wao, na wapiga picha wakawa wanazunguka na kamera wakiita watu. Mama akamnong'oneza kwamba nauli ya kurudi imepungua, kwa sababu njiani alinunua maziwa na mikate ya kumletea. Akafungua kifungo cha mfuko wa kifuani, wa kushoto, akatoa noti ya shilingi 500 iliyokunjwa mara nne, ndogo kama kipande cha sabuni ya hoteli. Akamtia mama mkononi, akamfumba vidole. Papo hapo mpiga picha akaita, "Afande, tazama huku!" Akageuka. Ndiyo picha hiyo. Amevaa sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata, na mfuko wa kushoto uko wazi.

2015 walipelekwa Somalia chini ya AMISOM, kile kikosi cha Umoja wa Afrika, yeye na wenzake wa kikosi cha 9 Kenya Rifles. Ijumaa tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, al-Shabaab waliivamia kambi yao ya El Adde, jimbo la Gedo. Wakenya wote wanaikumbuka wiki ile. Sisi tulikaa na simu katikati ya meza, imechomekwa kwenye stima usiku na mchana, na kila ilipolia mama aliinuka akatoka nje ili mwingine aipokee. Tarehe 27 tulikuwa Eldoret kwenye ibada, katika kambi ileile aliyofuzu. Walikuja marais watatu: Uhuru Kenyatta, Muhammadu Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Sijui walisema nini. Mama alikuwa ameketi na picha hii mapajani, ndani ya mfuko wa nailoni, na mimi nilikuwa nikitazama mikono yake.

Tulitolewa sampuli za DNA. Alipofika nyumbani jeneza lilikuwa limefungwa, na tukaambiwa lisifunguliwe. Kwa hiyo uso ambao mama anao ni huu wa picha. Nawaeleza haya yote kwenye maoni ya studio ili mjue nilipanda zile ngazi nikiwa nimebeba nini.

Mvua za masika ya 2024 zilipokuwa zikibomoa madaraja nchi nzima, kwetu zilitoboa bati juu ya sebule. Maji yaliteremka na ukuta, yakaingia nyuma ya fremu. Hatukujua hadi jua liliporudi. Upande wa kushoto wa picha ulikuwa umeshikana na kioo, rangi imetoka kama chai iliyomwagika: sikio, bega, na nusu ya ule mfuko.

Kwanza niliipeleka studio nyingine, katika mji mwingine ambao sitautaja. Kijana aliivuta kona ya chini kuona kama itatoka, ikachanika mbele ya macho yangu. Akaipiga kwa simu, akaniambia nirudi baada ya siku mbili. Nililipa 4,500 nikapewa picha kubwa iliyofungwa karatasi ya zawadi. Sikuifungua njiani. Tuliifungulia sebuleni, mama akiwa amevaa miwani yake. Walikuwa wamemng'arisha ngozi akawa mweupe kuliko sisi sote. Kovu la nyusi halipo. Mfuko umefungwa, kifungo kinametameta. Kichwani amevishwa kofia ya kikosi kingine, nyuma yake bendera inapepea na helikopta mbili zinapita. Mama aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Nikamweleza kwamba ni kompyuta. Akanirudishia. "Mkamrudishie mama yake."

Zaidi ya mwaka mzima ile iliyoharibika ilikaa kabatini, imelazwa kati ya shuka mbili. Novemba mwaka jana mteja wangu mmoja wa maharagwe ndiye aliyenielekeza kwa mzee huyu wa Kisumu.

Nilipofika hakuniuliza nataka saizi gani wala nina pesa ngapi. Alitandika kitambaa mezani, akaifungua lesso polepole, akaiinua fremu dirishani na kuilaza upande ili mwanga upite juu yake. Akairudisha mezani. "Binti yangu," akasema, "karatasi na kioo hivi vimeshalala pamoja miaka mingi. Hatuviachanishi leo." Aling'oa vijimisumari vya nyuma, akaondoa ubao uliokuwa umeota kuvu, lakini kioo na picha akaviacha vilivyo. Akakisafisha kioo upande wa mbele kwa pamba na spiriti, kidogo kidogo, kama muuguzi anayesafisha kidonda. Akaweka kamera juu ya stendi ikitazama chini, taa mbili kwa pembeni, moja kulia na moja kushoto, na kitambaa cheusi juu ili kioo kisirudishe taswira ya kamera. Alipiga mara nyingi, akihamisha taa kidogo kila mara. Alinieleza kwamba taa ya mbele ingegonga kioo na kuniletea doa jeupe usoni mwa marehemu, na kwamba mashine ya skana angeitumia kama kioo kisingekuwa na ufa.

Kisha akataka nimletee uso wa mdogo wangu popote ulipo. Nilikuwa na picha tatu tu. Mbili zilikuwa za simu, zilizokuja kwa WhatsApp na kuzungushwa kwa jamaa hadi zikawa kama zimepigwa kwenye ukungu. Akaniambia niwaulize wenzake kama yupo mwenye picha ya kwanza kabisa, ile iliyotoka kwenye kamera yenyewe, na aitume kama dokumenti, asiitume kama picha, kwa sababu WhatsApp ikituma picha huikamua ikapungua. Hilo sikulijua, na nadhani wengi hamlijui. Mmoja wa wenzake alikuwa nayo. Ilipofika kwa njia hiyo tuliona hadi vumbi kwenye kope zake.

Ya tatu ilikuwa fotokopi ya kitambulisho. Chenyewe kilirudishwa serikalini tulipofuata cheti cha kifo. Kwenye fotokopi sikio ni doa jeusi, na kwenye zile za simu amevaa helmeti. Kwa hiyo sikio la kushoto halikuwepo popote. Mzee alikataa kulichora kutoka kichwani. "Masikio haya ni ya nani kwenu?" Ni ya upande wa baba. Jumamosi iliyofuata kaka yetu mkubwa alikuja kutoka Kakamega, akaketi kwenye kigoda, akapigwa picha ya sikio peke yake. Alitoka nje akasimama kwenye veranda muda mrefu, na hatukumfuata.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mzee ana msaidizi, msichana wa kompyuta, mikono yake ni myepesi na ana subira kuliko umri wake. Yeye ndiye anayesafisha picha kwenye skrini. Lakini hafuti kitu kabla ya kuuliza. Anaikuza picha mpaka unaona nyuzi za shati, anafika kwenye alama, anasimama, anauliza: "Hili ni la maji au ni lake?" Ukisema ni la maji, anafuta. Ukisema ni lake, linabaki. Walinitaka nimlete mama kwa kazi hiyo, kwa sababu walisema dada hujua mengi lakini mama hujua yote.

Mama ana magoti mabaya na zile ngazi ni kali, hazina hata chuma cha kushika upande mmoja. Tulipanda tukipumzika. Akawekewa kiti mbele ya skrini. Usoni kulikuwa na alama kama kumi na tano, na nyingi zilikuwa za maji. Walipofika juu ya nyusi ya kushoto, kijistari cheupe kisichofika hata nusu inchi, msichana akauliza kama kawaida, "Mama, hili ni la maji au ni lake?" Mama akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Hapa paliingia jiwe." Akamweleza habari yote: mawe yetu ya Bunyore yanavyoteleza baada ya mvua, mtoto wa miaka saba na mtungi wa lita kumi, alivyofika nyumbani damu imemjaa jicho lakini maji hakuyamwaga. Mimi nilikuwepo siku hiyo, ndiye niliyemfunga kitambaa, lakini sikuwa nimeisikia mama akiisimulia tangu tumzike.

Wakashuka chini. Kola, bega, mfuko. Nusu ya mfuko ilikuwa imeliwa na maji, kwa hiyo haikuonekana vizuri kama kifuniko kimeinuka au karatasi ndiyo imejikunja. Msichana akasema askari wa gwaride huwa mifuko yao imefungwa, amfungie? Mzee, aliyekuwa nyuma anakata kadi, akamwambia, "Uliza." Akauliza. Mama akacheka. Akaomba maji ya kunywa, kisha akawahadithia ile noti ya 500, mikate, maziwa na vidole alivyofumbwa. Mzee akaweka kisu chini. "Basi mfuko ni wake," akasema. "Uache wazi."

Walitumia kifuniko cha mfuko wa kulia kutengenezea kile cha kushoto, wakakiinua kidogo kama kilivyokuwa. Kazi hiyo peke yake ilichukua karibu saa nzima.

Nilitaka ichapishwe kubwa, inchi 20 kwa 24, ienee ukuta. Alikataa kunidanganya. Alinionyesha kwenye skrini jinsi ambavyo ikipita 12 kwa 16 uso unaanza kuvunjika kuwa vidoa, na kila kitakachoongezwa hapo kitakuwa cha mashine. Tulibaki na 12 kwa 16, karatasi isiyong'aa. Kati ya picha na kioo akaweka kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, ili picha na kioo visigusane tena. Nyuma akaziba kwa utepe pande zote nne, akaacha vipande viwili vya mpira chini ili fremu isilale kabisa ukutani na hewa ipite. Fremu ni ya mbao, nzito. Ile ya zamani nayo alinirudishia na kioo chake, imefungwa vizuri, pamoja na flashi yenye picha mpya na zile alizopiga kabla ya kusafisha. Alisisitiza niwape watu wawili wengine nakala ili nyumba ikiungua au ikilowa zisipotee zote.

Kuhusu maandishi ya chini, ana vielelezo vingi ukutani, vingi vina neno "shujaa". Mama hakuvitaka. Alitaka jina lake kamili, cheo, 1994–2016, halafu "wa Luanda". Mzee akaandika jina kwa kalamu kwenye daftari, akamgeuzia mama asome herufi moja moja, kisha mama akatia sahihi chini yake. Nimeona misalaba na mawe mengi ya makaburi yenye majina yaliyokosewa, kwa hiyo nililipenda sana hili.

Gharama: kusafisha picha 3,500, kuchapisha 1,300, fremu na kadi 3,000. Jumla 7,800, unalipa nusu kwanza kwa M-Pesa na nusu ukichukua. Kwa kazi ya wiki tatu na vikao vitatu, sikuona ni ghali. Najua wengine ni pesa nyingi, na mzee anakubali ulipe kidogo kidogo ukimweleza mapema.

Wana kasoro pia. Walisema Ijumaa, nikaipata Jumanne. Stima ilipotea siku mbili na hawana jenereta, hilo naelewa, lakini hawakunipigia, nikaja bure kutoka Luanda, nikafunga duka siku nzima. Simu yao inaita tu, hawapokei wakiwa kazini. Viti viko viwili. Mzee au mama mwenye shida ya miguu atateseka na ngazi, ingawa niliposema, msichana alikiri kwamba wangeweza kushuka na laptopu hadi duka la chini. Basi waseme mapema. Na ndoano ya nyuma ilikuwa nyembamba kwa uzito ule wa mbao, nikairudisha, akabadilisha papo hapo bila malipo.

Jumamosi ya tarehe 17 Januari tulifanya ukumbusho wa miaka kumi. Mahema mawili, kwaya ya kanisa, ugali na kuku kama ilivyo desturi. Picha tuliiweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe alichoshona mama. Walikuja wenzake wawili waliofuzu naye, mmoja ameshaacha jeshi. Huyo alisimama mbele ya meza watu wakimpita na sahani. Baadaye aliinama kama anayesoma maandishi, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe, afande angekuona na mfuko wazi hivyo, ungekimbia uwanja mzima." Akakaa kwenye nyasi hapohapo. Mama akaenda akakaa naye.

Mimi nilikuwa nimeipigia msumari juu, karibu na saa ya ukutani, mbali na ile sehemu iliyovuja ingawa bati tulishabadilisha. Nilipopita wiki iliyofuata niliikuta chini sana, pembeni ya dirisha. Mama alikuwa amemwita fundi aishushe. Sasa iko usawa wa macho yake akiwa ameketi kwenye kiti anachochambulia mboga.

Ukienda, fika kabla ya saa nne asubuhi, kabla wanafunzi wa picha za pasipoti hawajajaa. Beba kila picha uliyonayo ya mtu wako, hata iliyoharibika, na uende na aliyemjua zaidi.